Maiti Waliobebwa na Lori la Majani

Mama mkwe wangu, Opal, alipouza nyumba yake ya katikati ya mji na kuhamia kwetu, alikuja na paka mnene na kofia ya uchawi yenye ncha. Kule kwake, jioni ya Halloween, watoto wanapovaa vitisho na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, ngazi zilikuwa hazipitiki. Watoto walipanga foleni hadi barabarani, naye alisimama mlangoni na kofia yake akigawa pipi na kuwatisha wazazi.

Kwetu hakuna foleni. Nyumba yetu iko mwisho kabisa wa barabara isiyoelekea kokote, hakuna taa, na mtoto mwenye akili timamu akilitazama lile giza anaona pipi moja hailipi. Mwaka jana Mama alikaa barazani, bakuli mapajani, tangu king'ora cha zimamoto kilipolia kuwaruhusu watoto watoke mpaka kilipolia tena kuwarudisha nyumbani. Hakuja mtu. Alikuja kicheche, akanusa ngazi, akaenda zake.

"Labda watoto wa huku wote wameshakua," Mama akasema, akaingia ndani. Sijawahi kujisikia vibaya namna ile nyumbani kwangu mwenyewe.

Basi mwaka huu nikaapa kwamba watoto watakuja, wapende wasipende. Ilibidi uwanja wetu utishe mpaka habari zake zifike mjini. Shida ni kwamba kiwandani walikuwa wametupunguzia zamu, na hata kabla ya hapo, mke wangu Joanne alikuwa akisema mimi ni bahili. Si kweli. Mimi nakumbuka tu bei za zamani. Kessler, anayekaa mwanzo wa barabara yetu, alinunua maboga ya mapambo ya kujazwa upepo, makubwa kuliko gari lake. Usiku yanasimama yakitingishika, mchana yanalala kifudifudi kwenye nyasi kama walevi. Mimi sinunui boga linalolala mchana.

Sisi tulikuwa na majani makavu, tena ya kumwaga, maana miti yetu haina huruma. Na kituo cha zimamoto kilikuwa kinagawa mifuko mikubwa ya karatasi ya kutilia majani. Bure! Nilibeba mingi kiasi cha kushindwa kuona mlango wa kutokea.

Tukahamia gereji, mimi na Mama. Nilichanganya mabaki ya rangi nyekundu na ya njano yaliyokuwa yamekaa rafuni miaka mingi, nikapaka mifuko, tukaijaza majani, tukaichora macho na meno.

Mama akaisogelea, akainamisha kichwa. "Merle, haya maboga yanaumwa ini."

"Usiku hayataonekana rangi, Mama."

"Basi hata wewe tukuweke nje usiku."

Buibui tulimtengeneza kwa mfuko mweusi wa taka, na miguu yake ilikuwa soksi ndefu za nailoni za Joanne, ambazo hakuulizwa. Halafu tukaja kwa maiti. Hao ndio waliokuwa fahari yangu: mfuko umefungwa kamba kama mtu aliyeviringishwa, mwishoni zinachomoza buti zangu za zamani.

"Huyu ana kitambi," Mama akasema.

"Nimemjaza vizuri tu."

"Maiti gani ana kitambi? Umejitengeneza mwenyewe wewe!" Akacheka mpaka akashika meza. Tangu ahamie kwetu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Joanne alitaka tuvipange karibu na nyumba. Nikakataa. Nikamwambia mtoto lazima avutwe, boga hadi boga, maiti hadi maiti, kuanzia kwa Kessler mpaka mlangoni kwetu. Majirani wakakubali. Kwa hiyo jioni, siku moja kabla ya Halloween, tukavipanga vyote ukingoni mwa barabara, safi kabisa, kwenye mstari. Mama alipita akivikagua, mikono nyuma, utadhani jenerali.

Nimezaliwa katika mji huu. Najua, na kila mtu anajua, kwamba siku za mwisho za Oktoba lori la mji linapita kuzoa majani, na majani hutiwa kwenye mifuko ya karatasi, na mifuko huwekwa ukingoni mwa barabara. Angekuwa mtu mwingine ndiye aliyefanya nilichofanya, ningemcheka hadi leo.

Asubuhi nilikuwa jikoni na kahawa yangu, nimevaa joho la taulo la Joanne lenye maua kwa sababu langu lilikuwa linafuliwa. Nikasikia injini. Nikachungulia dirishani, nikaona buti zangu zikipaa hewani na kuingia kwenye lori.

Nilikimbia. Lori lilikuwa limeshaokota mstari mzima na sasa linakata kona, nami nyuma yake, ndara zikipiga lami, mkono mmoja umeshika joho lisifunguke.

"Nirudishieni maiti wangu!" nikapiga kelele. "Simameni! Mna maiti wangu humo!"

Nilipita kituo cha basi la shule, ambapo watoto walikuwa wamesimama na mama zao. Nikaona midomo imefunguka. Sikuwa na nafasi ya kueleza. Nililifikia lori kwenye kibao cha kusimama, ulimi nje. Dereva, mama mmoja mpana aitwaye Rhonda, akashusha kioo.

"Mzee, uko sawa?"

"Mmechukua mapambo yangu!"

"Tumechukua majani. Mfuko wa karatasi, ukingoni, siku ya majani."

"Ilikuwa na macho!"

"Mwaka jana kuna mtu alichora maua. Tukabeba vilevile." Akatazama joho langu, akalainika kidogo. "Pole, mzee. Yameshashindiliwa. Buti nikizipata nitakuletea."

Niliporudi, Mama alikuwa barazani anatazama ukingo wa barabara uliobaki mtupu, hakuna hata jani.

"Angalau mji una usafi," akasema. Kisha akapanda juu, akaiweka kofia yake juu ya kabati. Nilimsikia. Nilikaa kwenye ngazi na lile joho la maua, nikatamani kulia.

King'ora kilipolia jioni, Mama alikuwa chumbani na paka. "Mwaka huu sikai nje," alikuwa ametuambia. "Kicheche mpeni salamu zangu." Nikakaa barazani peke yangu na bakuli, nikijilaani.

Mara nikasikia sauti gizani, nyingi. Tochi zikaanza kuonekana. Mtoto aliyevaa boksi la friji akapanda ngazi, akanikazia macho.

"Hapa ndipo kwa mzee wa maiti?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni, na foleni haikuwa na mwisho. Kumbe kituo cha basi kilikuwa kimeshapeleka habari shuleni, na shule ikaipeleka kila nyumba.

"Maiti wenyewe wako wapi?" msichana mmoja akauliza.

"Wamepelekwa kuwa mbolea!" ikajibu sauti nyuma yangu. Mama alikuwa mlangoni, kofia kichwani, imekaa upande kwa haraka. Akaninyang'anya bakuli. "Sogea, Merle. Njooni, wanangu, niwaeleze alivyokimbia."

Kila akisimulia, joho lilizidi kuwa fupi. Wa kumi hivi alikuwa mtoto mdogo aliyevaa joho la mama yake lenye maua, ndara kubwa, na mto umefungwa tumboni.

"Wewe umejifanya nani?" nikamwuliza.

"Wewe," akasema.

Mama alicheka hadi ikabidi Joanne amshike. Pipi zikaisha. Tukagawa zabibu kavu, kisha tufaha, kisha makopo ya mahindi, na hakuna aliyelalamika. King'ora cha kufunga kililia foleni ingali inafika kwa Kessler, ambaye maboga yake yalikuwa yanatingishika bila mtazamaji.

Walipokwisha kuondoka, Mama akakaa kwenye kiti chake, bakuli tupu mapajani. Alikuwa anahema, macho yamemlowa.

"Mwakani utakimbia tena?"

"Nitakimbia, Mama."

"Basi kimbia polepole," akasema. "Wengine wanasema hawakukuona vizuri."