Yangeyange Aliyeungua Pichani

Usiku wa kuamkia leo niliota niko studio kwangu Mombo, nakunywa chai ya rangi, akaingia yangeyange asiye na manyoya.

Sisemi kanyonyolewa kama kuku wa sikukuu. Huyo ningemzoea. Huyu alikuwa na mdomo wa njano, miguu na jicho, na katikati hamna kitu: umbo jeupe tupu, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Aliyeteseka kunizidi nampa heshima yake.

"Marahaba. Ndiwe fundi Shekiondo?"

"Ndimi."

Akaniwekea picha mezani. "Hii ulipiga Alhamisi, kwenye majaruba ya mpunga."

Kweli, ni yangu. Mpunga umetoka vizuri, unahesabu hadi majani. Juu yake linaruka doa jeupe.

"Umeniunguza," akasema. Mafundi picha tunasema hivyo mwanga ukizidi, ila yeye hakuwa anazungumza lugha ya ufundi. "Kila unyoya niliokuwa nao uliteketea hapo. Leo saa nne kundi letu linahama. Hivi nilivyo naweza kuruka jaruba moja, nikijikaza mawili, la tatu ndiyo mwisho. Wakiniacha nabaki tundu maisha yangu yote. Nipige upya, unyoya uonekane mmoja mmoja."

Saa ya ukutani ikasema, "Saa tatu na nusu," kisha ikaomba radhi kwa kuingilia.

Mimi sikumuunguza kwa chuki. Miaka kumi na tisa sasa hajakaa mteja kwenye kigoda changu asiseme, "Fundi, nitoe mweupe kidogo." Bibi harusi, mgambo, hata mtoto wa chekechea anayetaka picha ya fomu. Mwanzoni nilibishana nao. Nikapoteza wateja, na jino moja. Tangu hapo kidole gumba changu kinaongeza mwanga chenyewe kabla mtu hajafumbua kinywa.

Nikakitazama.

"Mteja ni mteja," kidole kikasema.

"Huyu tayari ni mweupe."

"Wote husema hivyo. Ukiwapa picha wanalia."

Nasimama kuchukua kamera na miguu inaingia majini. Studio haipo. Tuko kwenye majaruba, nyuma yetu milima ya Usambara, na wanawake wanapalilia mpunga bila kushangaa. Kuta zimeondoka zote. Limebaki lile pazia langu la mandhari, lenye ngazi za kifahari na chemchemi, linaning'inia mbinguni kwa pini moja.

"Jua liwe mgongoni," yangeyange anasema.

Hiyo kanuni naijua. Sikujua kumbe ndivyo inavyofanywa. Analishusha jua kutoka juu ya mlima, ananibebesha, ananifungia kwa kanga. Lina joto, lakini uzito wake ni wa kawaida. Nimewahi kubeba saruji.

"Fundi, leo umeamua kutubebea jua?" mama mmoja ananiuliza. Ana kibao na kisu, anakata sekunde vipande vya kutia kamerani.

"Nimeagizwa. Nikatie na mimi."

"Vipande vingapi?"

"Ikate elfu mbili. Huyu bibi anapiga mabawa haraka."

Anakata, anakata, jasho linamtoka. "Elfu mbili utavila peke yako?"

"Nahitaji kimoja tu."

"Ungesema mapema, kaka yangu, mkono umeniuma." Ananipa kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu, na vingine vitatu kwa hisani, maana anasema sura yangu ni ya mtu wa kukosea.

Kabla sijajibu, dirisha dogo linafunguka ubavuni mwa kamera. Ndani ameketi bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, meza ya kijivu na muhuri.

"Mimi ni Kipimo, mpima mwanga wa kamera hii," anasema. "Ofisi hii inapokea kijivu tu. Ukileta cheupe nakigeuza kijivu. Ukileta cheusi, hivyohivyo. Nani anafuata?"

Yangeyange anaruka jaruba la kwanza. Kipimo anachungulia, hamtazami yeye, anatazama mpunga nyuma yake. "Pana giza hapo. Ongeza mwanga."

"Si nilikuambia," kidole kinasema, na kinaongeza.

Nabofya. Tundu ni lilelile, sasa hata jicho limefifia.

Anaruka jaruba la pili, na safari hii anapanda juu hadi nyuma yake ni mbingu. "Loo, panang'aa mno," Kipimo anasema. "Punguza. Punguza tena."

Nabofya. Manyoya yanarudi, namshukuru Mungu, halafu naona rangi yake.

"Nimekuwa tambara la deki," yangeyange anasema. Yanadondoka hapohapo, yote.

Anatua kwenye tuta akihema. Upande wa pili wa shamba kundi linanyoosha shingo. Saa yangu ya ukutani inapita juu na kusema, "Saa nne kasorobo," inaondoka.

"Bibi, nisamehe," nasema. "Huyu ananiambia hivi, halafu vile."

"Kutoka jaruba la kwanza hadi la pili, mimi nilibadilika?"

"Hapana."

"Kilichobadilika ni nini?"

"Kilichokuwa nyuma yako."

"Basi mbona unaulizia habari zangu kwa walio nyuma yangu? Niulize mimi."

Nilijisikia kama siku ile ya jino. Nikamsogelea, nikapima kwa jicho langu mwanga kifuani pake, pale palipobaki peupe kuliko pote, nikaweka hesabu hiyo na kuifunga isisogee. Kisha nikachana pindo la kanga nikakifunga kidole gumba. Kililia kidogo. Dirisha la kamera nikalisukuma.

Kipimo akaweka mguu lisifungike. "Na kijivu chake? Nimeshakitoa stoo. Lazima mtu akipokee na atie saini. Kama si yeye, nani?"

Kundi linainuka. Mabawa yanapiga kelele kama mashuka yanayokung'utwa. Yangeyange anarukia jaruba la tatu, anayumba, miguu inagusa maji.

"Nipe mimi," nasema.

"Nikuwekee wapi?"

"Popote. Mradi usimguse yeye."

Natia saini bila kusoma. Anapiga muhuri, pa! sijui wapi. Naingiza kipande cha sekunde, nabofya.

Unyoya mmoja. Mwingine. Yanarudi kwa foleni, kila unyoya na kivuli chake chini yake, weupe wa maziwa lakini unauona hadi uti wake. Anapita mpunga, ni mweupe. Anapita mbingu, ni mweupe uleule. Anaingia kundini, na katika wale arobaini sikumtambua tena ni yupi.

Niliamka jua limeshatoka. Mke wangu, Mama Hiba, ameinama juu yangu na kikombe, ananitazama kama anayesoma bango.

"Baba Hiba, nyusi hii umeipaka nini?"

Nikaenda kwenye kioo. Ya kushoto nyeusi kama siku zote. Ya kulia kijivu, mwanzo hadi mwisho, hamna unywele mweupe wala mweusi.

Akalamba kidole, akaisugua, akaisugua tena.

"Haitoki."

Nikamwambia aache tu. Nimeshaitilia saini.