Pete kwenye Mfuko wa Kushoto

...hapana, asiivue, mbona anaivua jikoni, pete ni ya kuvuliwa jukwaani, ndivyo yeye mjane alivyomwambia huyu kijana mwigizaji kwa mdomo wake mwenyewe, sebuleni kwake, kikombe cha chai mkononi, kwamba marehemu mumewe, mwimbaji wa muziki wa soul ambaye dunia nzima ilimwita Asali, alikuwa akivua pete ya ndoa kabla ya kuimba ili isigonge kipaza sauti, akaitia mfuko wa kushoto, na kijana akaandika kidaftarini kama mtu aliyeokota lulu, kumbe lulu yenyewe ameileta huku, kwenye jiko la filamu lililojengwa sawasawa na jiko lake, vigae vya kijani, beseni lenye ufa, Asali wa kuigiza anavua pete taratibu, anaitia mfuko wa kushoto, na mjane mkono umempanda wenyewe ukamkinga uso, wala hakuutuma, miaka ishirini na sita mtu yuko kaburini na mkono bado unamwogopa... "Simamisha kidogo," ni mwongozaji wa filamu huyo, kiti cha nyuma, picha inaganda ukutani, "vipi, Mama, kuna mahali tumekosea?"... kukosea, laiti mngekosea, kijana kavua pete aoshe vyombo, eti amsaidie mkewe, Asali na vyombo, makubwa haya, na yule mke wa kwenye filamu anacheka, mjinga yule, mbona hakimbii, pete ikishaingia mfukoni unahesabu moja, mbili, basi, kwa sababu nyumbani aliivua kabla ya kumpiga, pete huchana shavu na kesho yake kuna wapiga picha, alikuwa mtu wa mipango Asali, halafu baadaye anamwimbia polepole mlangoni mwa bafu alimojificha mkewe, wimbo uleule ambao watu walifungia nao ndoa zao, na yeye anafungua, kila mara alifungua, sauti ile ungeifungulia hata ukiwa na akili zako timamu... "Mama?"... ashushe mkono, aseme mwanga umemchoma macho, aseme lolote, karatasi ya ridhaa iko mapajani, kalamu mkono wa pili, sahihi moja tu na filamu itoke, watu wamlilie upya, na binti yake huyu aliyekaa kiti cha pili asijue kitu, kitinda mimba wake, ambaye mpaka leo simu yake ikiita ni sauti ya baba, kwa ajili yake ndiyo alimeza yote, alikuwa na miaka mitano tu, alikuwa amelala, mlango wa chumba chake ulifungwa, siku zote alihakikisha umefungwa, sasa ataulizwa mbona umejikinga, Mama, na atajibu nini, uongo wote umemwishia, anageuka amtazame kabla hajaulizwa... na binti ameikodolea macho picha iliyoganda, ule mfuko wa kushoto, na mkono wake mwenyewe uko juu, kiwiko mbele, kiganja kimefunika shavu, vilevile kama wa mama yake, mwanangu, hukuwa umelala, mwanangu, na wewe ulikuwa unahesabu... "Tuendelee, Mama?" anauliza mwongozaji, na picha bado imeganda, na kalamu bado iko mkononi mwa mjane, ila sasa hajui tena miaka yote hii alikuwa anamfichia nani.