Rangi ya Ndani ya Mkono

Kadi niliikuta kwenye mfuko wa koti. Sisi wauza mitumba hupapasa mifuko yote kabla ya kutundika nguo, na tunachopata ni leso iliyotumika, tiketi ya basi la nchi ambayo hatutafika, mara moja moja sarafu isiyonunua hata kiberiti. Mwaka huo wa 2006, kwenye koti la sufu la kijivu, mimi nilipata elimu.

Ilikuwa kadi ya kukunjwa, imejaa vipande vya rangi na picha za wanawake wa Kizungu wanaotabasamu. Kiingereza changu kilikomea kidato cha pili, lakini kilitosha. Kadi ilisema kila mwanamke amezaliwa na rangi yake ya asili, na kwamba kuna nguo zinazoiamsha rangi hiyo na nyingine zinazoizima. Ili uijue yako, unaangalia ngozi, nywele na macho, kisha unaambiwa wewe ni wa majira gani kati ya manne ya mwaka. Niliisoma mara tatu, nikaona kasoro moja tu: hakuna hata mwanamke mmoja pale aliyefanana na mtu yeyote aliyewahi kununua nguo kwangu. Sisi macho yetu ni ya rangi moja, na nywele vilevile, ukiacha zile za kununua. Mtu mwingine angeitupa. Mimi niliitafsiri.

Majira yao hatuna hapa Kitale. Tuna ya mahindi, basi. Kwa hiyo nikasema kuna wanawake wa Kupanda, wa Kupalilia, wa Kuvuna na wa Kiangazi. Wa Kupanda niliwapa rangi za udongo uliolowa, wa Kuvuna manjano ya haradali na rangi ya machungwa, na hao wengine nikawagawia zilizobaki, kulingana na mzigo niliofungua wiki hiyo.

Kadi ilitaka ngozi iangaliwe pale ambapo jua halifiki. Hilo nililielewa kuliko hata aliyeliandika. Mwanamke wa Saboti aliyepalilia ekari tatu uso wake ni wa jua, si wake. Nikawaambia wakunje blauzi hadi begani, wainue mkono, nami niangalie upande wa ndani, karibu na kwapa. Baada ya mwezi mmoja, siku za soko ungedhani ninachanja watu. Wanawake walipanga foleni wameinua mikono. Hata Mwalimu Jerono wa Kiminini, ambaye husahihisha kila mtu mpaka mhubiri, alikunja blauzi na kutangazwa mwanamke wa Kupalilia.

"Lakini Mama Joy, hii kitu iko na ukweli?" aliniuliza, sketi mbili za kijani tayari ziko kwapani.

"Mwalimu, imeandikwa," nikamwambia.

Mwalimu hana la kufanya mbele ya kitu kilichoandikwa. Aliyebaki akinicheka ni Jepkoech, ambaye huuza viatu kibanda kinachotazamana na changu. "Ati siku hizi ni kwapa inachagua nguo," alisema, na mimi nikaona ni wivu tu.

Mimi mwenyewe sikujipima. Nilizaliwa mweupe kwa kipimo cha kwetu, nilimfuata baba, na tangu utotoni nimeambiwa kila rangi inanipenda. Sikuona haja ya kuthibitisha.

Mdogo wangu Nasike alimfuata mama. Alikuja miaka saba baada yangu, mweusi wa kung'aa, na alipokua akaenda Bungoma kuuza kwenye duka la dawa. Huko alianza kuwa mweupe kidogo kidogo. Krismasi ya kwanza alirudi na mashavu ya rangi ya chai ya maziwa. Ya pili, shingo ikafuata. Sote tulijua anajichubua, na nyumbani hakuna aliyetamka neno hilo. Tulisema Bungoma imemkubali. Mimi nililisema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Sasa alikuwa anaolewa Desemba na Levi, karani wa idara ya maji, kanisani huko huko Bungoma. Katika harusi ile mimi nilitaka kitu kimoja tu: nisimame naye. Dada mkubwa aliyeolewa ndiye husimama na bibi harusi, amshikie maua, amnyooshee shela, na picha zikipigwa yeye yuko pembeni yake tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mwezi wa nane ulikuwa unaisha na Nasike alikuwa hajaniomba. Nilijiambia hajaona bado dada yake amekuwa mtu wa namna gani. Nikamwita aje Kitale nimchagulie gauni la kubadilisha baada ya ibada, mbele ya wateja, ashuhudie mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, jua linawaka, amevaa blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi kwenye viganja. Uso wake haukuwa sawa. Alikuwa amepaka poda nyingi, na chini ya macho palikuwa na giza. Mimi niliona poda tu.

"Kunja mkono," nikamwambia.

"Dada, si uangalie tu uso. Ama twende kwako kwanza, niko na maneno."

Nilipaswa kusikia. Lakini kulikuwa na wanawake kumi na mmoja kwenye foleni, na Jepkoech alikuwa ameacha kupanga viatu ili atazame. Nikiruka mtu wa familia yangu, watasema dawa yangu ni maji. Nikacheka, nikamshika mkono, nikafungua vifungo mwenyewe, nikaikunja blauzi hadi juu.

Krimu ilikuwa imepanda mpaka juu kidogo ya kiwiko. Hapo palikuwa na mpaka, na juu ya mpaka huo ilikuwa rangi ya mama yetu. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu na nyembamba, mahali pengine imebabuka.  Mwanamke mmoja wa nyuma alisema polepole, "Kumbe."

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo linaniaibisha. Ili kuokoa elimu yangu, nilipaza sauti. "Mnaona? Rangi yake ya asili ni hii ya huku juu. Hizi zingine ni za dukani. Huyu ni wa Kuvuna." Nikaigonga ile ngozi kwa kidole, ili wa nyuma nao waone.

Nasike alishusha mkono, akafunga vifungo, akachukua mkoba wake. Aliwaaga wateja wangu mmoja mmoja kwa adabu. Mimi akaniruka.

Jepkoech alingoja mpaka tunafunga. "Si ungengoja mfike nyumbani, bana," akasema, basi. Nilimjibu kwamba ukweli hauna nyumbani. Lilikuwa jibu zuri sana, na usiku wote halikunisaidia kitu.

Nilimtumia Nasike ujumbe mara mbili, kimya. Wiki hiyo wateja walikuja kama kawaida, wakainua mikono, na kila mkono ulioinuliwa mimi niliona wa Nasike. Jumapili ya pili, baada ya kanisa, nilitia gauni moja la haradali kwenye mfuko, zuri kuliko yote niliyowahi kufungua, nikatia na ile kadi, nikaenda Bungoma. Njiani nilipanga maneno. Hayakuwa ya kuomba msamaha hasa. Yalikuwa ya kueleza.

Nilimkuta nje ya chumba chake, nyuma ya msikiti, ameketi kwenye kigoda anachambua kunde. Hakuwa na poda. Ndipo nikauona uso wake: paji lilikuwa linarudi jeusi, mashavu bado ni ya chai, na kuzunguka mdomo palikuwa na rangi ya tatu ambayo haikuwa ya mtu yeyote wa kwetu.

"Karibu," akasema, bila kuinuka.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikaanza maneno yangu ya kueleza, yakaisha upesi kuliko nilivyodhani.

"Nimeacha krimu," Nasike akasema. "Niliacha mwezi wa nane, mwanzoni. Daktari aliniambia ngozi imeisha nguvu. Ati nikienda kuzaa na nipasuliwe, nyuzi zinaweza kukataa kushika. Ile siku nilikuja Kitale, nilikuwa nimekuja kukuambia wewe kwanza. Kabla ya Levi."

Nikauliza la kijinga. "Na Levi?"

"Nilimwambia Jumatano. Akasema alijua kitambo. Ati vidole vya miguu yangu viko na rangi ingine, alikuwa anangoja tu nimwambie."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, na kwa sababu ya kicheko hicho nikadhani mambo yamekwisha. Nikatoa lile gauni. Nilimgeuza uso kwenye mwanga, nikaliweka chini ya kidevu chake, nikampa kioo changu cha kazini. Na hapa naomba niaminiwe, maana siongei kama muuzaji: palipokuwa pamerudi rangi yake, kwenye paji na pembeni mwa shingo, haradali ile iliiamsha ngozi mpaka mimi nikasahau kuongea. Alikuwa mzuri, jamani. Alikuwa mama siku za ujana wake.

"Unaona?" nikamwambia. "Ni yako hii. Imekuwa yako siku zote. Sijui nani alikuambia uogope rangi."

Nasike alijitazama kwa muda mrefu, kisha machozi yakaanza kumtoka. Sikushtuka. Nimewahi kuwa na wateja waliolia kwa furaha, wawili.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Aliyeniambia ni wewe." Aliweka kioo chini. "Nilikuwa darasa la nne. Mama alininunulia nguo ya Krismasi, ya manjano. Ukaishika hivi hivi, chini ya kidevu. Ukaita wale wasichana wa jirani waje waone. Ukasema mama airudishe, ati mtu mweusi hivi akivaa manjano unaona meno na nguo tu. Wakacheka. Mama akairudisha, akaniletea ya maruuni, nyekundu ya giza. Nimevaa maruuni mpaka nikaandikwa kazi, dada. Na pesa ya kwanza nikashika, nilinunua krimu."

Niliitafuta Krismasi hiyo kichwani. Niliukumbuka wali. Nilikumbuka viatu vyangu vya kamba, na kwamba baba alichelewa kurudi. Manjano sikuyakumbuka, wala wasichana wa jirani, wala kicheko. Hilo liliniumiza kuliko maneno yenyewe. Ninaikumbuka mikono ya wanawake wa Saboti ambao majina yao siyajui, na siku niliyomvunja mtoto wa mama yangu haikupata hata nafasi ndogo kichwani mwangu.

Ningeweza kukana. Nasike asingeweza kuthibitisha, mama ameshakufa.

"Nilikuwa mtoto," nikasema.

"Ulikuwa sekondari."

 Kuna watu walipita kwenye kijia, tukawasalimu, wakapita.

"Nisamehe, Nasike," nikasema, na safari hii halikuwa neno nililolipanga njiani.

 Alichambua kunde mpaka bakuli likajaa, akafuta mikono kwenye leso, akalichukua gauni kutoka magotini mwangu, akalikunja vizuri na kuliweka kwenye paja lake.

"Daktari anasema ngozi inaweza kuchukua hata mwaka kurudi, na pengine isirudi yote. Harusini nitakuwa na mabaka. Mpiga picha amesema kuna mtu anaweza kunipaka vizuri isionekane, nimekataa. Nimechoka kupakwa. Hii nguo nitaivaa." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Na nataka wewe ndio usimame na mimi."

Nilikuwa nimekuja na kadi, na gauni, na uongo wa kutosha kuipata nafasi ile, na sasa nilikuwa nimepewa bila hata kuiomba. Nilifungua mdomo kushukuru.

"Ngoja, sijamaliza," akasema. "Picha zote, dada. Usimame karibu, pale kuna mwanga. Na watu wakianza kuuliza uso yangu ilipatwa na nini, na si unajua watauliza, mimi nitanyamaza. Wewe ndio utawajibu."

Nilivuta bakuli lingine, nikaanza kumsaidia kuchambua. Jibu la kuwapa watu nilianza kulitafuta pale pale, mikono ikiwa kwenye kunde. Nilijaribu ugonjwa, nikajaribu jua, nikajaribu sabuni ya Bungoma. Mpaka Desemba inafika, sikuwa nimepata lingine ila lile la kweli, na nilikuwa na wageni mia mbili wa kuwajibu.