Ya Mrusi na ya Mchina

Mkono wa Simai ulipita chini ya pazia umeshika kipande cha chuma, nami nikakipokea kama ninavyopokea sahani ya wali.

"Huu mtutu wake, shemeji. Chungulia ndani. Miaka arubaini na bado unang'ara."

Nikachungulia. Sikuona kitu wala sikuhisi kitu. Pandu, mume wangu, alikuwa na wiki mbili kaburini, na mimi nimekaa eda chumbani, nimejifunga nguo nyeupe kama mto wa hospitali. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, lakini sifa haikataliwi.

Asubuhi ile mwanangu Suhaib alikuwa ameifukua bastola ya babake sandukuni, imeviringishwa kitambaa cha mafuta. Pandu alikuwa askari. Namna ilivyotoka kambini hadi chini ya kanzu zake za Idi hakunambia, na mimi sikuuliza, maana nami nilikuwa na vyangu nisivyoulizwa. Suhaib aliitaka kwa ajili ya Muhammad, bin ami yake wa Kizimkazi, aliyewauzia watu wa hoteli shamba la marehemu hata tanga halijaanuliwa.

"Nnakwenda kumtisha tu, mama."

Mwenye kutisha hatafuti risasi, na yeye alikuwa ameshazifuta vumbi.

"Hiyo imeoza," nikamwambia. "Imekufa zamani."

"Baba alisema ya Mrusi haifi."

Mtoto huyu alisahau kila alichofunzwa na babake isipokuwa hilo. Nikamwambia amwite Simai, fundi wa silaha wa kambi moja na Pandu, aamue yeye. Nilijua ataelewa. Nimemkonyeza mzee yule miaka mingi, tukimfanyia mzaha marehemu, na hakuna jicho langu lililompita.

Nilichosahau ni pazia. Mwanamke wa eda haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Nikabaki nyuma ya kitambaa nikiyakonyeza maua yake.

Na Suhaib alikuwa amemdanganya mzee kwamba anaipeleka polisi. Simai akakaa mkekani, akaifungua yote, akaanza kuhubiri.

"Ya Mchina tuliyopewa mwanzo nayo chuma kizuri, usiidharau. Lakini springi ya magazini ikichoka, risasi inalala njiani. Hii ya Mrusi vipande vichache. Tulizilaza mchangani, zikalowa maji ya chumvi, tukazipangusa kwa mafuta, zikapiga. Hizi mpya za plastiki wanazobeba vijana, nambie baada ya miaka arubaini."

"Kwani utakuwepo?" nikamwuliza.

"Yenyewe itakuwepo."

Suhaib akacheka. Hakuwa amecheka tangu maziko, na kicheko kile sikukipenda.

Ningeweza kusema wazi. Lakini mwanangu akiaibishwa mbele ya mtu harudi nyuma, huzidi mbio. Basi nikaomba kipande kingine, na kingine, kizee kidadisi. Vikapita chini ya pazia, vikarudi. Kimoja, chembamba mfano wa sindano ya magunia, hakikurudi. Nilikifunga kwenye pindo la kanga.

Simai akaanza kuiunganisha. Akapapasa mkeka.

"Shemeji, huko ndani kimebaki kile kinachogonga risasi."

"Hakimo."

"Nimekupa kwa mkono wangu."

"Umezeeka, Simai. Fanya haraka tu, Suhaib ana safari ya Kizimkazi jioni."

Mji mzima ulijua habari za shamba lile. Nilimsikia Simai akivuta pumzi, kisha kitambaa kikipangusa chuma, polepole, kuliko haja.

"Nimesifu mapema," akasema. "Hii ilivunjika ndani toka zamani. Haipigi tena, mwanangu. Ya Mchina ingedumu."

Miaka yote niliyomjua, hata Pandu kwa kumkaba koo asingeweza kumtoa maneno yale.

Simai akaondoka nayo, aipeleke inakopelekwa. Suhaib akapita pazia, yeye mwanangu ana ruhusa, akajilaza sakafuni, kichwa pajani pangu, akamlilia babake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kama mtoto aliyetoka kutahiriwa. Nikangoja na mimi yanijie machozi. Hayakuja. Nikamfuta kamasi kwa pindo lile jingine.