Kiti cha Mfaransa

Goti langu la kulia halikunjiki. Lilivunjwa na gogo la mkoko, na tangu hapo sikuweza kukaa mkekani. Wageni wakija, mke wangu Mwajabu alikuwa akiwawahi mlangoni: "Tuwieni radhi, wazee wangu, Mwinyimvua goti lake." Mimi kuomba radhi kwa ajili ya goti langu mwenyewe, sikujaliwa.

Kiti nilichokalia niliachiwa na Mfaransa aliyekuwa akinunua magome ya mikoko hapa Mbwera. Vita vya Hitla vilipoanza alirudi kwao, akaniambia nimtunzie. Ni cha mabibi zake, kilichongwa kabla Wafaransa hawajamkata kichwa mfalme wao. Kina mikono, na maua yamechongwa mpaka miguuni. Bwana Shauri wa Utete, Mwingereza mkuu wa wilaya, alitaka kukinunua, nikakataa. Vita vilikwisha, mwenyewe hakurudi.

Mwajabu alipofariki, nilikikalia matangani. Wenzangu wote chini, hata mwalimu aliyeshika msahafu, na mimi juu ya vichwa vyao. Mtu akanong'ona, "Mfiwa kajifanya sultani." Habari ya goti waliijua. Walichongoja ni lile neno la radhi, na mwenye kulisema tulikuwa tumetoka kumzika. Nami hasira zikanipanda, nikafunga mdomo.

Siku ya pili walikuja wachache. Ya tatu alikuja jirani yangu Bushiri peke yake. Baadaye hata hodi sikuisikia, na upweke ukanitafuna, sifichi.

Arobaini ikakaribia. Niliogopa Mwajabu asije akasomewa hitima na mume mmoja na paka. Nikatwaa msumeno, nikaikata miguu yote minne ya kiti, maua na yote, hata kikawa sawa na mkeka. Nikamwambia Bushiri, "Kawaambie watu nimeshuka. Na waniwie radhi."

Alinitazama, akatazama vumbi la msumeno. "Nitawaambia, kaka."

Walikuja hata ua ukajaa. Mwalimu alikaa bega kwa bega nami, mguu wangu umenyooka mbele yake, wala hakujali. Tulisoma, tukala wali, tukacheka pia. Baada ya alasiri wakaaga, mmoja mmoja, na Bushiri akaondoka na sufuria za watu.

Nikataka kuinuka. Kiti kilikuwa chini mno na goti likakataa. Nikanyoosha mkono juu, nikasema, "Mwajabu, nivute."