Jengo Lililochuchumaa

Kila siku ya zahanati Bibi Pindo aliketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mguu, na mkwe wake akapiga goti kumvalisha kiatu. Mkwe hakuwa na neno baya. Alishusha pumzi tu, moja ndefu, na pumzi hiyo ilimuuma Bibi Pindo kuliko nyonga. Alikuwa amewashonea nguo nusu ya watu wa mji ule, na sasa mfupa wa nyonga ulikuwa umesagika na mguu wake mwenyewe haufikii. Hakuomba kurudi usichana. Alitaka kujivalisha kiatu, basi.

Mwalimu wa mazoezi, binti mpole, alimwambia inawezekana. "Ukilala tu, bibi, kiungo kinakaza. Kipe kazi kidogo kidogo. Kikiuma sana punguza, ila usiache."

Kwa hiyo nyumbani alisimama jikoni ameshika sinki, akiinua mguu pembeni na kuushusha. Mwanawe akipita alimwambia, "Mama, si upumzike?" Mwanawe mwenyewe alikuwa akipumzika tangu azaliwe.

Balaa lilikuwa kwamba chumba cha mazoezi cha zahanati kilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Chini, penye mlango mpana usio na hata kidato kimoja, ilikaa ofisi ya mkurugenzi, na makochi yake, na samaki wake ndani ya kioo. Lifti haikuwahi kuwekwa. Tundu lake lilihifadhi mafagio. Wagonjwa wa nyonga walipanda wakijivuta kwa mikono, na walioshindwa katikati wakageuka walihesabiwa watoro, wasiojali afya zao. Bibi Pindo alipokwenda kulalamika, mkurugenzi hakuinuka.

"Bibi, ngazi nayo ni zoezi," alisema, akatabasamu kwa kuifurahia akili yake. Ilikuwa ndogo, lakini hapo aliitumia yote.

Asubuhi moja mwalimu alikuwa akifundisha kuchuchumaa. "Makalio nyuma, mgongo wima, shuka taratibu." Jengo lilikuwa limeyasikia maneno hayo kwa miaka, na siku hiyo nalo likashuka. Lilifanya vizuri, bila kuangusha hata kikombe. Ghorofa ya chini ikazama ardhini, ya kati ikaifuata, na chumba cha mazoezi kikatua sawa na barabara. Mwalimu akasema, "Haya, simama," lakini jengo, kama wengi wanaojaribu mara ya kwanza, lilishindwa kuinuka. Mlinzi alihamisha kiti chake hadi mlango wa roshani, ambao sasa ndio uliokuwa wa kuingilia. Mfagiaji alilalamikia mchanga.

Ikawa raha kwa muda. Watoro wote walirudi, wengine na magongo, na ikaonekana hawakuwa watoro hata kidogo. Nyonga ya Bibi Pindo ililegea. Vidole vyake vilifika kwenye goti, kisha kwenye kifundo cha mguu.

Mkurugenzi sasa ndiye aliyepanda ngazi kutoka gizani kila akitaka hewa, akifika juu anatweta kama aliyefukuzwa. Mtu angedhani amejifunza kitu. Aliitisha kikao, akasema ofisi ya mkurugenzi lazima iwe karibu na wananchi. Makochi na samaki vikapandishwa juu, mikeka ya mazoezi ikateremshwa hadi chini kabisa. Mwalimu alipinga. Akaambiwa akumbuke kuzima taa akitoka.

Siku ya kwanza ya huko chini, mkwe alipiga goti kama kawaida. Bibi Pindo akamnyang'anya kiatu. Aliinama, akauma meno, akavuta, na kiatu kikaingia. Mkwe alibaki pale sakafuni, mikono mitupu.

Kule zahanati wenzake walikuwa wamesongamana penye ngazi, na wawili walikuwa tayari wamegeuka kurudi makwao. Bibi Pindo alishika chuma cha ngazi, akatanguliza mguu mbovu kama alivyofundishwa.

"Bibi," sauti ikamwita kutoka ofisini, mlango ukiwa wazi, "kushuka nako ni zoezi."

Akageuka kumtazama. Mkurugenzi alikuwa amejimwaga kwenye kochi, mzima wa viungo vyote, mguu ameunyoosha mbele. Mfagiaji alikuwa amepiga goti, anamfunga kamba za kiatu.

Bibi Pindo aliguna, akaendelea kushuka.