Waliosafiri Bila ya Kuaga

Asubuhi ya kwanza Roma, Rahila alitia mkobani ramani waliyopewa hotelini na vidonge vya kichwa, huku Humaid ameinama anafunga kamba za viatu vyake vipya. Walikuwa wamelala mpaka muda wa chai ya asubuhi ukapita, na jambo hilo lilimfurahisha Rahila kwa siri. Alitaka watafute mkahawa mdogo, meza ya watu wawili, wakae. Tangu harusi walikuwa wakiishi kwa wazazi wa Humaid, Khuwair, mjini Maskati, na hawakuwahi kula hata kipande cha mkate bila ya mtu wa tatu.

Alikuwa na swali. Alitaka kumuuliza mumewe kama alimtaka yeye mwenyewe, au mama yake ndiye aliyemtaka na yeye akaitikia tu. Lilikuwa swali fupi. Rahila, mwenye shahada ya ualimu, alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni kama mtoto atakayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, na bado alikwama kwenye neno la kwanza.

Ilikuwa mwaka 1997. Ruhusa ya likizo ya Humaid ilitoka ghafla, basi hawakupata kuwazungukia jamaa zake kuwaaga na kuwaomba radhi. Kwa kweli nafasi ya kupita nyumba mbili tatu ilikuwepo. Rahila ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba wangeweza kuwapigia simu wakifika. Aliona haya kupitishwa majumbani kama bibi harusi, kila mtu amshike mikono aitazame hina. Humaid akasema sawa. Lilikuwa wazo lake la pekee tangu aolewe, na alijivunia kidogo.

Waliuona mkahawa karibu na ile chemchemi kubwa ambayo watu huipa mgongo wakapigwa picha. Humaid akasukuma mlango wa kioo, wakaingia ukumbini kwa Bi Mahbuba, Matrah, kule kule Maskati.

Bi Mahbuba ni shangazi yake baba yake Humaid. Alikuwa amekaa kwenye zulia, birika la kahawa mbele yake, kiyoyozi kinanguruma, na dirishani ikionekana bandari. Walivua viatu.

"Mwenda Ulaya, mie nasikia kwa watu," alisema. "Haya, kaeni. Nna kahawa, nna halwa, sina neno."

Walikaa. Rahila alisema ameshiba, ingawa hakuwa ametia kitu mdomoni tangu kwenye ndege, na Bi Mahbuba akamwongezea. Kisha alimshika mikono, akaigeuza huku na huku, akamuuliza Humaid kama mkewe anajua kupika. Humaid akajibu kwamba anajua sana. Rahila alijua kukaanga mayai. Uongo ule ulimgusa moyo, akanywa kikombe kingine cha kahawa ambacho hakukitaka.

Walipokwisha kuomba radhi na kupewa, walitokea mlango ule ule, na nje ilikuwa Roma, chemchemi inamwaga maji yake kama kawaida.

Mbele kidogo palikuwa na makumbusho. Walisimama foleni, wakakata tikiti, wakaingia kwa Ami Suud, ndugu wa baba yake Humaid, Bustan. Saa za Maskati zinatangulia, kwa hivyo biriani lilikuwa limeshapakuliwa. Wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa nyuma yao kwenye foleni waliingia pia. Walipoona wengine wanavua viatu wakavua, wakakaa pembeni na sahani yao, wakala huku wakinong'onezana na kucheka, kisha wakashukuru na kuondoka, wameridhika na makumbusho. Rahila aliwatazama zaidi kuliko alivyolitazama biriani.

Ami Suud alimuuliza Humaid habari za kazi, habari za baba yake, na habari za gari alilotaka kuliuza. Hatimaye akamtupia Rahila jicho.

"Mkeo huyu hana ulimi," alimuuliza Humaid, "au umeufungia sandukuni?"

Watu wakacheka. Rahila naye akacheka, na kicheko kikachukuliwa kuwa jawabu. Alipotaka choo alikitumia cha Ami Suud, maana hakuwa na hakika choo cha Roma kingempeleka kwa nani.

Kufikia alasiri alikuwa ameelewa. Nje ni Roma, ndani ni nyumbani. Elimu yake ya chuo ilimsaidia kufika hapo, baada ya milango mitano. Basi alimwongoza mumewe hadi kwenye gari la aiskrimu, ambalo halina mlango, wakanunua mbili, wakakaa kwenye ngazi za jengo fulani la zamani.

Walikuwa wawili. Jua lilipiga mawe ya barabara, njiwa walitembea. Rahila alisema neno la kwanza, na kwa bahati mengine yakafuata.

"Humaid, ulinitaka wewe, au alinitaka mama?"

Humaid aliitazama aiskrimu yake. Ilikuwa inamdondokea kidoleni, naye hakuifuta. Alifungua mdomo. Nyuma yao mlango ukafunguka, na Bi Shariffa wa Ruwi, dada wa baba yake Humaid, akatoa kichwa.

"Mwakaa ngazini kama wapita njia?"

Humaid aliinuka upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kung'olewa jino akaambiwa daktari kasafiri.

"Tuingie kwanza," alimwambia mkewe, kwa upole kabisa. "Tutazungumza ndani."

Ndani kulikuwa na watu wa vizazi vitatu. Rahila alibaki kidogo ngazini akimalizia aiskrimu, akiitazama Roma, ambayo ilikuwa nzuri na haikumjua. Angeweza kukaa pale mpaka jioni. Lakini aliitwa kwamba chai inapoa, na hakuwahi katika maisha yake kuiacha chai ya mtu ipoe.

Bi Shariffa alikuwa amesikia yote nyuma ya mlango. Alimwekea sahani ya katlesi magotini, akampapasa bega.

"Sote tulikutaka, mwanangu," alisema. "Tulikaa hapa hapa tukalizungumza. Hapana hata mmoja aliyekataa."

Humaid akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Rahila akasema ahsante.

Siku zilizobaki wakamaliza jamaa wa upande wa mama yake Humaid.

Waliporudi Maskati watu walikuja kuwapa mkono wa safari, wakajaa ukumbini Khuwair, wakauliza Roma ikoje. Humaid akasema ni pazuri, na watu wake ni wakarimu mno. Bi Mahbuba na Ami Suud walifurahi kusikia hivyo. Rahila hakuulizwa. Angeulizwa, angesema hivyo hivyo.